Kuku wa Wamarekani na Wali wa Mama Asha

Siku mliponiaga mlinipa doti ya kanga, keki ambayo jina langu lilikosewa herufi moja, na kazi ya kufanya. Kanga naivaa. Keki mliimaliza wenyewe. Kazi ndiyo hii. Mlisema, "Bi Zena, tuandikie yale yasiyomo kwenye kitabu cha mafunzo." Mie sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko orodha ya vitu vya sokoni, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Mkiona nimeruka mambo ya vyeo na mishahara, sikusahau. Hayo yamo kwenye mafaili, na faili halijawahi kumfundisha mtu kukaanga kuku.

Sasa naishi Madale kwa binti yangu, huku vilimani, ambako asubuhi kuna ubaridi kidogo na majirani wanalala mpaka jua litoke vizuri. Mie saa kumi na moja alfajiri niko macho, sina pa kwenda.

Nilizaliwa Temeke, kwa wazee wa Kizaramo waliokuwepo kabla barabara haijawekwa lami. Kabla ya kuku nilipika miaka ishirini kwenye kantini ya wapakuzi wa mizigo bandarini. Huko nilijifunza kupika sufuria la watu mia, na nikajifunza Kiingereza cha kutosha kuongea kutoka kwa mabaharia, pamoja na majina ya vyakula vyote na matusi machache. Kantini ilipofungwa nilikuwa na miaka arobaini na sita, mjane, na watoto wawili shuleni. Jirani akaniambia kuna kampuni ya Kimarekani ya kuku wa kukaanga inafungua tawi hapo Temeke, inatafuta wapishi.

"Wamarekani wamtake mpishi wa Temeke wa nini?" nilimuuliza. "Wao hawana?"

Kumbe hata hapakuwa na Mmarekani. Katika miaka yangu yote kumi na minne nilimwona mmoja tu, alikuja kukagua, tumbo lilikuwa linamsumbua, akanywa maji akaondoka. Aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa meneja wetu Elia Mushi, kijana wa Moshi, umri wake haujafika hata miaka thelathini na tano. Alinisalimia shikamoo kwanza, kisha akaniambia nikakate kucha. Na aliyekuja kutufundisha kazi alikuwa mama mmoja kutoka Thailand.

Aliitwa Malee. Sie tukamwita Bi Mali, na tulipomweleza maana ya neno hilo kwa Kiswahili alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa mdogo wa mwili, nywele fupi zenye mvi, na alikuwa ameifanyia kazi kampuni hii tangu ilipofungua tawi la kwanza katika mji wao. Mie naye tulizungumza kwa Kiingereza changu cha bandarini. Watoto wa mtaani walikuwa wakimwita "Mchina". Yeye alisimama kila mara, akawaambia kwa subira, "Thailand," kisha akaendelea na safari yake. Tulimfundisha kusema shikamoo, akaipenda kupita kiasi. Akampa mlinzi, akawapa wateja, akawapa hata watoto wa darasa la kwanza, nao wakaitikia marahaba bila aibu.

Kitabu cha mafunzo kilikuwa kinene, na kilisema kila kitu: kuku achovywe vipi kwenye unga, ageuzwe mara ngapi, abonyezwe mara ngapi, akung'utwe mara ngapi. Kila kikaangio kilikuwa na saa yake, na kila saa ilikuwa na kengele yake. Nilikasirika kimoyomoyo. Miaka ishirini nimepika kwa jicho na pua, leo nipike kwa kengele kama mwanafunzi anayesubiri mapumziko?

Siku ya pili niliamua kuwaonyesha. Nikatoa kuku kabla kengele haijalia. Rangi yake ilikuwa nzuri ajabu, nyekundu ya dhahabu, na wenzangu wakaguna kwa kusifu. Bi Mali alinisogelea. Alichukua kipimajoto, akakichoma pajani karibu na mfupa, akanionyesha namba. Kisha akalivunja lile paja. Ndani kulikuwa na damu.

"Kuku uliyemzoea wewe," aliniuliza, "ni mkubwa hivi?"

Nikafikiri. Kantini tulipika kuku wa kienyeji, tunamkata vipande vidogo, tunamchemsha kwanza ndipo tunamkaanga. Huyu alikuwa wa kisasa, mnene, paja kama ngumi ya bondia, na aliingia mafutani mbichi.

"Hapana," nikasema. "Mdogo."

"Jicho lako ni zuri, Zena. Lakini lilijifunza kwa kuku mwingine."

Maneno hayo nimewaambia wengi wenu bila kuwaambia nilikoyatoa. Tangu siku ile sikupika bila kipimajoto, na sikuacha kutumia jicho pia. Kengele inakwambia muda umekwisha. Haikwambii kwamba mafuta yamechoka, kwamba unga una unyevu kwa sababu jana mvua ilinyesha, au kwamba mwenzako amesahau kukausha koleo na tone moja la maji litamrushia mafuta usoni. Hayo ni ya macho.

Tulifungua. Wiki ya kwanza watu walijaa mpaka nje. Walipiga picha na boksi, walipiga picha na bango, na bibi harusi mmoja alikuja na shela lake kupiga picha na mashine ya soda. Mwezi wa pili viti vikawa vitupu. Mushi akaagiza mabango zaidi. Bi Mali yeye kila mchana alivua aproni, akaenda kukaa kwenye kona ya ukumbi na daftari lake. Nilidhani anahesabu wanaoingia.

"Naangalia wanaotoka," aliniambia. "Anayeingia ameletwa na tangazo. Anayetoka ndiye anayekuambia ukweli."

Ukweli wenyewe ulikuja Ijumaa moja baada ya swala, umevaa kanzu nyeupe. Alikuwa mzee wa mtaa wetu, amekuja na mkewe. Akamuuliza binti wa kaunta, "Kuku wenu kachinjwa na nani?" Binti akamwonyesha cheti ukutani, ndani ya fremu.

"Mie nimekuuliza wewe," mzee akasema. "Sijauliza ukuta."

Nikatoka jikoni haraka. "Shikamoo baba. Machinjioni nimefika mwenyewe kwa miguu yangu. Anayechinja ni mtu wa swala, namfahamu yeye na baba yake, na kisu nimekiona." Mzee akaridhika, akaagiza. Jueni hilo, wanangu: mtu akiuliza jambo la dini yake, msimpe karatasi. Mpeni mtu.

Lakini trei ilipofika, mzee akaomba maji ya kunawa. Binti akampa tishu.

"Tishu ya nini?" mzee akasema. "Nimelia?"

Akaambiwa bomba liko kule mwisho, chooni.

"Ninawe chooni ndipo nije nile?" Hakupiga kelele. Alimwangalia mkewe, wakachukua boksi lao, wakavuka barabara, wakaenda kukaa kwa Mama Asha.

Mama Asha alikuwa mama ntilie. Alikuwa na turubai, mabenchi mawili, na dumu lenye koki juu ya stuli, na kipande cha sabuni pembeni, ili kila anayekuja anawe kabla ya kukaa. Alipika wali wa nazi ambao harufu yake ilivuka barabara bila kuangalia magari, na pilipili ya ukwaju aliyoisaga kwa mkono. Nilimfahamu tangu utotoni. Tulisoma madrasa moja, tukala viboko vya mwalimu mmoja. Baadaye aliolewa Kiwalani, akawa anakuja Temeke kila asubuhi na sufuria zake kwenye guta la magurudumu matatu.

Watu walikuwa wananunua kuku kwetu, wanakwenda kwake, wananunua wali, wananawa, wanamimina pilipili juu ya kuku wetu, wanakula kwa raha zao. Chilisosi yetu ilikuwa tamu kama jamu, na chipsi kwa mtu wa Temeke si mlo, ni kitu cha kushikilia njaa mpaka mlo ufike. Bi Mali mwenyewe alikula pale kila siku. Pilipili ile ilimtoa machozi, na alisema ndiyo machozi ya kwanza ya kheri tangu atoke kwao.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikizunguka tangu mwanzo.

Makao makuu walikuwa wanampigia Mushi simu kila wiki. Wakamwambia tawi lisipopata watu ndani ya miezi mitatu litafungwa. Mushi akawa anasimama dirishani mchana, anaangalia maboksi yetu yakifunguliwa juu ya mabenchi ya Mama Asha. Simlaumu sana. Tulikuwa wafanyakazi ishirini na wawili, na usiku yeye ndiye aliyekosa usingizi kwa ajili yetu. Siku moja, Bi Mali akiwa amesafiri kwenda Mwanza kukagua jengo, Mushi akaniita ofisini. Alikuwa na barua ya kwenda ofisi ya mtaa. Ilisema kibanda cha Mama Asha ni kichafu, kinaleta inzi, kinahatarisha afya ya wateja, kiondolewe. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi ya shahidi.

"Shikamoo, Bi Zena. Wewe ni mwenyeji hapa. Ukisema wewe, watasikia."

Niliisoma mara mbili. "Mushi mwanangu, yule mwanamke sahani zake anazisuuza mara mbili."

"Najua, mama. Lakini tukifungwa, ishirini na wawili tunarudi nyumbani. Yeye atapata kona nyingine."

Niliwafikiria wanangu na shule. Nilifikiria kantini, jinsi tulivyoambiwa asubuhi tu kwamba leo ndiyo mwisho. Hofu, wanangu, inaandika vizuri kuliko kalamu. Nikatia sahihi.

Siku tatu baadaye, mchana, wateja wa Mama Asha wamekaa, mgambo wakaja. Nilikuwa nimesimama dirishani na koleo mkononi. Waliangusha turubai, wakapindua sufuria, wali ukamwagika mchangani, mweupe. Kiongozi wao akasoma karatasi kwa sauti ili watu wajue hawakuja kwa kuonea, akasoma mpaka chini, mpaka jina la shahidi. Mama Asha hakupiga yowe. Aligeuka, akaangalia dirisha letu. Kisha akaokota sahani moja moja, akazipanga kwenye beseni, akajitwisha, akaondoka kwa miguu.

Nyuma yangu kengele ilikuwa inalia, sikuisikia. Kuku wakaungua wakawa weusi. Katika miaka kumi na minne, ndiyo mara pekee niliyounguza mzigo mzima.

Mnadhani wateja waliingia ndani? Hakuingia mtu. Habari za Temeke hazisubiri gazeti. Mzee wa kanzu akawa anapita upande wa pili wa barabara. Wanawake wa mtaani kwangu walianza kunisalimia kwa mkato, yale ya "salama" na mtu ameshapita. Binti wa kaunta akawa anafuta meza ambazo hazijakaliwa.

Jumatatu Bi Mali akarudi. Mchana akavua aproni, akatoka na kijiko chake mkononi, baada ya dakika moja akarudi. Mie nilikuwa nachuja mafuta.

"Zena, yule mama yuko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia yote, pamoja na sahihi. Nilitegemea anifokee. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akaniambia habari za kwao.

Mji wao, alisema, watu wanakula wali mnato, wanaubeba kwenye vikapu vidogo vya mianzi na kuula kwa mkono. Wamarekani walipofungua duka lao, watu walifurahi, wakanunua kuku, kisha kila mmoja akatoa kikapu chake cha wali na kifuko chake cha pilipili, wakala. Kampuni ikakataza: chakula cha nje hakiruhusiwi. Malee, binti wa miaka ishirini na kitu, akawekwa mlangoni kuwazuia wenye vikapu. Siku moja akaja mwalimu wake wa shule ya msingi. Akatoa kikapu kwenye pochi. Malee akamwambia, samahani mwalimu, sheria ni sheria. Mwalimu akafunga kikapu chake, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa, akamuaga mwanafunzi wake kwa adabu zote, akaondoka.

"Ile adabu ndiyo iliyoniuma," Bi Mali alisema. "Duka likawa tupu kama hili. Baada ya miaka kadhaa kampuni ikaelewa, ikaleta wali, ikaleta pilipili ya kwetu. Leo vijana wa mji ule wanadhani chakula kile ni cha bibi zao. Nikaenda kumtafuta mwalimu nimkaribishe. Alikuwa ameshakufa." Akasimama, akairudisha ndoo mahali pake. "Kampuni haikuchelewa, Zena. Mimi ndiye niliyechelewa. Yule mama anakaa wapi?"

Alasiri ile ile tukaenda Kiwalani. Nyumba zile zimebanana, njia nyembamba, ndege zinapita juu mpaka watu wanasimamisha mazungumzo katikati ya neno. Tulimkuta Mama Asha amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Alituangalia, akasema karibuni, kwa sababu sie tulivyolelewa hata adui akifika mlangoni anaambiwa karibu. Akampa Bi Mali kiti. Mie akaniacha nijitafutie.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

Aliendelea kuchambua. "Sahani zangu zilikuwa chafu, Zena?"

"Hazikuwa chafu."

"Inzi?"

"Hawakuwepo zaidi ya kwetu."

"Basi kwa nini unaniambia mie? Mie najua. Uliwaandikia wao, kawaambie wao."

Ndege ikapita. Tukangoja wote watatu, tunaangalia ungo. Ilipokwisha kupita Bi Mali akajaribu kusema kitu kwa Kiswahili chake, akashindwa, akasema neno alilolijua: "Shikamoo." Mama Asha akaguna, karibu acheke, akajizuia. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Nimewasikia. Kunyweni maji mwende, giza linaingia."

Asubuhi nikaandika barua ya kufuta ushahidi wangu. Nikampelekea Mushi kwanza, kwa kuwa si tabia nzuri kumzunguka mtu. Aliisoma amesimama.

"Bi Zena, hii ikifika kule nitaulizwa mie."

"Najua."

"Na wewe utaulizwa. Wanaweza kukuondoa."

"Hilo nalo najua."

Alikaa na barua ile siku mbili. Sikulala vizuri siku hizo mbili. Nilishaanza kuwaza nitauza maandazi wapi. Siku ya tatu akaniita, barua ikiwa mezani, na chini ya sahihi yangu kulikuwa na yake.

"Mama yangu aliuza ndizi sokoni," akasema bila kuniangalia. "Ile barua ya kwanza niliiandika haraka haraka ili nisiisome."

Tulikwenda wote wawili kwenye ofisi ya mtaa. Tukaulizwa maswali ya kutuaibisha, tukayajibu. Mama Asha akaruhusiwa kurudi kwenye kona yake. Hakuna aliyemrudishia ule wali uliomwagwa.

Bi Mali naye aliandika ripoti yake kwenda kwa wakubwa. Nilimwona akiiandika. Hakulalamika. Aliweka picha tatu tu: ukumbi wetu mtupu, mabenchi ya Mama Asha yaliyojaa maboksi yetu, na lile dumu lenye koki. Jibu lilichukua wiki nyingi, lakini lilipokuja lilikuwa zuri: tujaribu. Sinki la kunawia liwekwe mlangoni, mbele kabisa, lenye maji ya moto na sabuni. Wali uwepo kwenye menyu. Pilipili iwepo. Ila kila kitu kiandikwe kwa vipimo.

Vipimo hivyo vilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Nikarudi Kiwalani. Mama Asha alitaja ujira wake, kampuni ikaukubali bila kubishana, akaja kutufundisha siku tano. Makao makuu nao wakamleta mtaalamu mmoja, kijana wa tai, mwenye kalamu.

"Nazi kiasi gani?" kijana akauliza.

"Mpaka itoshe."

"Chumvi?"

"Ya kutosha."

"Maji?"

"We unaona mchele umefunikwa kiasi gani? Basi."

Kijana akatota jasho. Bi Mali akamsogeza pembeni taratibu. Akachukua mizani na bakuli, na kila Mama Asha aliponyoosha mkono kutia kitu sufuriani, Bi Mali aliukinga ule mkono kwa bakuli, akapima, akaandika, akamimina. Siku nzima walifanya hivyo bila kuongea lugha moja. Ndivyo ulivyopatikana ule ukurasa wa wali mnaoutumia. Wengi wenu mnadhani umetoka Marekani.

Mushi alimwomba Mama Asha abaki, awe mfanyakazi wetu. Alikataa. "Nivae kofia, niulizwe na saa kama kuku ameiva? Mwanangu, mie nimezoea kuwa bosi wa sufuria langu."

Ijumaa ya kwanza ya wali na sinki, foleni ndefu haikuwa ya kaunta, ilikuwa ya bomba. Mzee wa kanzu alikuja na mkewe na shemeji zake. Akanawa taratibu mpaka kwenye viwiko, akakaa, akala wali na kuku, akaomba pilipili mara tatu. Alipotoka aliniambia, "Sasa na nyie mmekuwa watu." Tawi halikufungwa. Baadaye wali na sinki vikaenda matawi mengine.

Lakini sitawadanganya kwamba haki ilitimia yote. Tulimrudishia Mama Asha kona yake. Wateja wake nusu walikuwa kwetu, chini ya feni, wanakula wali wake kwa kipimo chetu. Alivumilia miaka miwili, kisha akaiacha kona, akageukia kupika kwenye shughuli za harusi, huko akafanikiwa vizuri tu. Tukikutana msibani au sokoni tunasalimiana, tunaulizana watoto. Kwetu hakuingia miaka yote hiyo. Na mie sikuwahi kumwambia aje, maana sikujua ningemkaribisha kama nani.

Bi Mali aliondoka mwisho wa mwaka ule. Aliacha daftari lake la wanaotoka, liko kwenye droo ya chini, lisomeni. Naye amestaafu. Hunitumia picha za maua yake, nami namtumia shikamoo.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mchana, niliinua macho nikamwona Mama Asha mlangoni. Gauni la kitenge, mtandio mpya, amezeeka kama nilivyozeeka. Hakuangalia huku wala huku. Akanawa, akachagua meza ya dirishani, akakaa. Nikabeba trei mwenyewe: paja, wali, pilipili. Akaonja wali. Nikasimama kama mtoto anayesubiri matokeo.

"Nazi imepungua," akasema.

"Nazi za siku hizi nyepesi, dada."

"Zena. Nazi hazijabadilika. Wamepunguza."

Ni kweli. Mwezi mmoja kabla ilikuja karatasi kutoka makao makuu ikipunguza tui kwa robo. Niliisoma, nikaibandika ukutani, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nahesabu siku. Nikamwambia hivyo hivyo, sikuficha. Nikaenda ofisini, nikamweleza meneja wa sasa, mnamfahamu, na akaandika mbele yangu kuomba kipimo kirudi. Sijui wamejibu nini. Nyie mlio ndani ndio wa kufuatilia, na msingoje mstaafu ndipo mseme.

Niliporudi mezani alikuwa bado anakula. Akasogeza kiti cha pili kwa mguu.

"Kaa."

"Niko kwenye sare, haturuhusiwi kukaa na wateja."

"Watakufukuza? Wiki ijayo unaondoka. Kaa, paja hili siliwezi peke yangu."

Nikavua kofia. Nikaenda kunawa. Tukala sahani moja, kwa mkono, bila haraka, na hatukusema neno juu ya mambo ya zamani. Aliongea juu ya miguu inavyouma kwenye sherehe za watu, mie nikaongea juu ya Madale ninakohamia na baridi yake. Mwishoni ikabaki ile ngozi kavu ya paja, ile ambayo kila mtu anaiweka ya mwisho. Niliiacha upande wake. Akaichukua kwa vidole viwili, akaiweka kwenye wali wa upande wangu.

"Kula wewe," akasema. "Umesimama sana."